Ng'ombe Aitwaye Shangazi

Kwa miaka kumi na mitano Esnath aliishi hatua thelathini kutoka kwa baba mkwe wake, na hakuwahi kuuona uso wake mzima. Alishaona kisogo. Alishaona koti la kijivu likipotea migombani, na siku moja, kwa bahati mbaya, aliona sikio. Vinginevyo alimjua kwa kikohozi na kwa mgongano wa fimbo yake na mawe ya njiani.

Ndivyo mila ilivyotaka. Mwanamke humcha baba wa mumewe: hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake. Wakikaribiana njiani, mmoja hukohoa na mwingine huingia migombani mpaka njia iwe wazi. Mzee huyo aliitwa Anyelwisye. Mimi nalitaja jina lake kwa kuwa sikuolewa kwake. Esnath hakuwahi kulitia kinywani, hata siku ya kumwandikisha mtoto shuleni, mwalimu alipouliza babu anaitwa nani ikabidi mtoto ajibu mwenyewe.

Mchungaji alishasema mara nyingi kwamba waliobatizwa wameachana na mambo hayo. Na kweli pale kijijini Suma vijana walikuwa wakipeana mikono na wakwe zao, wengine hata kunywa nao chai. Lakini Anyelwisye, mzee wa kanisa mwenyewe, alisema heshima haijamzuia mtu kuingia mbinguni. Esnath naye, tuseme ukweli, hakutaka kuwa wa kwanza kuivunja. Angeonekana hana adabu, tena mjane.

Mila hii haimsumbui mtu kama nyumba zimejaa watu. Esnath alipoolewa walikuwepo mama mkwe, mawifi wawili, na Lazaro mumewe, na maneno yalipita kwa yeyote. Halafu mji ukapungua. Mawifi waliolewa mbali, mama mkwe akafariki, na Lazaro akaenda Chunya kutafuta dhahabu, shimo likamfukia huko huko. Wakabaki watatu: mzee kwenye nyumba ya juu, Esnath kwenye nyumba ya chini, na Tulia, binti yake pekee, akikimbia katikati.

Tulia alianza kazi hiyo akiwa na miaka minne. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa mama yake na kusema, "Babu anasema ugonile, umeamkaje."

"Mwambie ndaga, asante, nimeamka salama. Yeye je?"

Mtoto anapanda, mtoto anashuka. "Anasema mguu unamuuma kidogo. Anauliza maharage yameota?"

Hivyo ndivyo watu wawili wazima walivyoishi pamoja kwa kinywa cha mtoto mmoja.

Katikati ya nyumba hizo mbili palikuwa na banda la ng'ombe, lililogawanywa kwa ukuta wa matete. Ndani yake alikaa ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mzee alimwita Shangazi, kwa sababu, alisema, ng'ombe huyu hatembei, anaingia, kama shangazi wa bwana harusi. Kukamua ilikuwa kazi ya wanaume tangu zamani, lakini mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo Esnath alikamua alfajiri, akaacha kibuyu juu ya jiwe, akaondoka. Mzee alikohoa kwa mbali, akasubiri, kisha akaja kufagia na kumwagia majani.

Mwaka wa tisini na tatu Tulia alikuwa darasa la saba. Ulikuwa wakati wa ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka la dawa, ruksa vyama vingi. Sasa ikaja ruksa ya wananchi kujianzishia sekondari yao. Kata kadhaa zilikubaliana kulichukua ghala la zamani la kahawa la chama cha ushirika kilichokufa, ng'ambo ya Tukuyu, wakate madirisha na kuligeuza madarasa na mabweni. Kila nyumba ichangie, na kila mwanafunzi alipe ada. Mkutano wa Suma uliitishwa kwenye darasa la nne la shule ya msingi.

Wanawake wengine waliingia wakakaa kwenye madawati. Esnath hakuweza, kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa benchi la mbele. Alikaa nje chini ya dirisha, kwenye nyasi mbichi, mgongo ukutani, akasikiliza.

Diwani Simon alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. Serikali imeelemewa. Nafasi za sekondari ni chache mno, watoto wanafaulu na kurudi kuchuma chai. Tukingoja serikali itatukuta wazee.

Ndipo Esnath aliposikia fimbo ikigonga sakafu mara mbili, akajua nani amesimama.

"Mnaiona shule hii mliyokalia?" alisema Anyelwisye. "Mawe ya msingi niliyabeba kutoka mtoni kwa mabega haya. Selikali ilituambia, ninyi leteni mawe, sisi tutaleta bati na mwalimu. Tulileta mawe. Wakaleta bati, wakaleta mwalimu. Mwanangu Lazaro alisoma mpaka kidato cha nne sikutoa senti. Nauli ya basi alipewa, godoro alipewa. Hiyo ndiyo selikali. Leo mnaniambia imeelemewa. Mzigo gani umeingia hapo katikati?"

Alilitamka hivyo, selikali, na hakuna aliyecheka.

"Siku mtakapolipa wenyewe," akaendelea, "itasahau njia ya kuja hapa. Na mtoto wa Lusungu, ambaye baba yake hana ng'ombe wala mche wa kahawa, atakwenda wapi? Mnajenga shule ya watoto wa wenye nacho halafu mnaiita ya wananchi. Mjukuu wangu hatalipiwa. Atangoja nafasi ya selikali, maana ni haki yake. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee!" mtu mmoja alipaza sauti nyuma, watu wakaangua kicheko.

Esnath hakucheka. Alijua kwamba maneno ya mzee yalikuwa ya kweli, kila moja, na alijua pia kwamba maneno hayo ya kweli yangemrudisha mwanawe shambani. Alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Diwani alipowataka wanaounga mkono wanyooshe mikono, Esnath, peke yake pale nje, alinyoosha wa kwake juu kabisa, na aliyemwona ni kuku mmoja aliyekuwa akichakura karibu na choo. Asiyekuwepo na lake halipo. Hoja ilipita bila yeye, kwa kura chache, na akarudi nyumbani kwa njia ndefu ya bondeni asije akamfuata mzee nyuma.

Matokeo yalikuja Desemba. Mwalimu mkuu, Godwin, alimwita Esnath ofisini na kumwambia kwamba Tulia amefaulu vizuri sana, lakini shule nzima ilipewa nafasi mbili za serikali na Tulia hakuchaguliwa. Shule ya ghalani ingempokea. Itafunguliwa katikati ya Januari, na wangetaka ada ya mwaka, sanduku na godoro.

"Mnacho cha kuuza?" mwalimu aliuliza.

Esnath alitazama sakafu. Walikuwa na kitu kimoja tu, na hakikuwa chake. Ng'ombe ni mali ya mwenye mji.

Mchana ule alimtuma Tulia kwa babu yake. Mtoto alisimama mlangoni, akasitasita.

"Mama, leo siwezi. Nitakuwa ninajiombea mwenyewe."

"Nenda tu. Sema ni mimi nimesema."

Alikwenda, akarudi amelowa mvua. "Babu anasema wanaouza elimu leo, kesho watatuuzia na mvua. Anasema ningoje mwaka kesho."

"Mwambie mwaka kesho hawatamchagua mtoto aliyemaliza mwaka huu."

Akaenda, akarudi. "Anasema ataenda kwa mkuu wa wilaya mwenyewe."

"Mwambie wakati wa serikali si wakati wa mtoto."

Mara ya tatu Tulia alirudi bila neno. Alikaa chini karibu na moto, akaficha uso kwenye magoti. "Amenyamaza," alisema, na mabega yakaanza kumtikisika.

Esnath alimtazama, akaona aibu. Alikuwa amembebesha mtoto ugomvi wa watu wazima, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mtoto huyo huyo. Akaapa moyoni kwamba hatamtuma tena kwa jambo hili.

Alfajiri iliyofuata alikamua kama kawaida, akaweka kibuyu juu ya jiwe. Kikohozi kikasikika huko juu. Ilikuwa saa yake ya kuondoka. Esnath hakuondoka. Alivuta kanga ikafunika kichwa na uso, akageuza mgongo kuelekea ukuta wa matete, akashika pembe ya ng'ombe. Hatua za mzee zilifika upande wa pili wa matete, zikasimama. Mzee alijua mkwewe yumo ndani.

"Shangazi," Esnath alimwambia ng'ombe, kwa sauti ya kusikika vizuri, "wewe hujaniuliza nilisoma wapi."

Ng'ombe alitafuna.

"Nilisoma bure, Shangazi. Sikuwahi kulipa, na aliyenisomesha simtukani. Mwaka niliomaliza walichukuliwa wawili. Mimi nilikuwa wa tatu. Baba yangu alisema tungoje, serikali ni yetu, itaongeza nafasi. Nikangoja. Walipoongeza nilikuwa nimeshapita umri, nikaolewa hapa. Sijutii kuolewa hapa. Lakini bado nangoja, Shangazi. Nikiamka asubuhi kuna sehemu yangu ambayo bado imekaa barazani kwa baba ikisubiri barua. Sitaki mtoto aje akae hapo na mimi."

Akanyamaza. Mvua nyepesi iligonga majani ya migomba. Upande wa pili hapakuwa na hata pumzi, akadhani mzee ameondoka kwa hasira. Kisha fimbo ikasogea.

"Shangazi," ilisema sauti ya Anyelwisye, si kama ya mkutanoni, ndogo na kavu. "Wewe ni mkubwa humu, basi usikie na upande wangu. Mimi siikatai shule. Nimebeba mawe ya shule, nitaikataaje? Nakataa kusahauliwa. Waliniambia mimi na wao ni kitu kimoja. Nikawaamini mpaka mabega yakapinda. Sasa nikilipa, nakiri kwamba nilidanganywa." Alikohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Tena kuna jambo lingine, hili sikulisema mkutanoni. Mtoto akienda, Shangazi, nani ataniambia kumekucha?"

Esnath aliuma pindo la kanga. Kwa miaka yote hiyo alidhani salamu zile za asubuhi ni adabu tu.

Hawakumaliza siku hiyo. Kesho yake alipokohoa mzee, Esnath hakutoka tena, wala mzee hakusubiri. Na keshokutwa. Waliongea na Shangazi kila alfajiri, yeye upande huu, mzee upande ule, na ng'ombe yule akasikia mambo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasikia pale. Mzee alimweleza Shangazi jinsi Lazaro alivyokuwa akiogopa bata. Esnath alimweleza Shangazi kwamba Lazaro aliwaogopa bata mpaka ukubwani, ila alificha, na kicheko cha mzee kilipasuka nyuma ya matete mpaka Tulia akatoka nje kuuliza kuna nini. Walibishana pia. Mzee alisema mtu akinunua haki yake mara moja, atainunua maisha yake yote. Esnath alisema mtoto hali haki, anakula kilichopo mezani. Hakuna aliyemshinda mwenzake, wala sidhani kama walitaka kushinda.

Asubuhi moja, bila utangulizi, mzee akasema, "Shangazi, utanisamehe. Jumatano atakuja Alawi."

Alawi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe pale Tukuyu, mtu ambaye babu yake alihamia kutoka pwani, na watu walimwamini kwa sababu hakupunja. Esnath alielewa. Alipaswa kufurahi. Hakuweza. Kwa wiki tatu alikuwa amepata baba, na sasa ng'ombe aliyempatia baba huyo anakwenda kuuzwa ili mtoto aende shule. Karibu aseme, tusiuze. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Alilimeza, akasema, "Shangazi, mwambie aliyekulea asante," akatoka haraka.

Alawi alikuja na kamba mpya. Alimshika Shangazi kifuani, akaapa kwamba ananunua maziwa, si nyama. Anyelwisye alimpa mkono bila kumtazama, akaenda kusimama migombani. Siku tatu baadaye Tulia alibebeshwa sanduku na godoro, akamkumbatia mama yake nyumba ya chini, akapanda kumuaga babu yake nyumba ya juu, akashuka tena kusema, "Babu anasema usilie." Huo ndio ulikuwa ujumbe wake wa mwisho. Kisha akashika njia ya Tukuyu.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtoto hayupo, ng'ombe hayupo.

Asubuhi ya kwanza Esnath aliamka na kibuyu mkononi, akafika bandani, akaikuta nguzo na kipande cha kamba ya zamani. Kikohozi kikasikika. Mzee naye alikuja kwa mazoea, akasimama upande wake wa matete. Kila mmoja alijua mwenzake yupo. Esnath alifungua mdomo. Angemwita nani? Kumsemesha mzee moja kwa moja hakuthubutu. Kuisemesha nguzo kungekuwa wazimu. Baada ya muda mrefu hatua za mzee zikarudi zilikotoka, na yeye akarudi na kibuyu kitupu.

Februari ilipita hivyo. Chakula alikiacha juu ya jiwe, akakohoa, akaondoka. Bakuli lilirudishwa pale pale, limeoshwa. Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu aliijua mikono ile ilivyotetemeka, na aliwaza inavyohangaika na maji ya baridi kwa ajili yake. Upweke ulimzidi. Alijikuta anamsalimu kuku. Siku nyingine ilifika jioni hajasikia sauti yake mwenyewe, akaimba pambio moja kwa nguvu ili tu ajue bado anayo. Huko juu hakuna aliyeitikia, lakini fimbo iliacha kutembea mpaka pambio lilipokwisha. Na kila asubuhi alisikia ufagio ukifagia banda lisilo na ng'ombe.

Mwezi wa Machi mwalimu Godwin alimletea barua. Juu ya bahasha Tulia alikuwa ameandika, Kwa Mama na Babu. Esnath hakuifungua. Anyelwisye alijua kusoma, alifundishwa na serikali ile ile kwenye elimu ya watu wazima, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Asipoisoma yeye Esnath, mzee hataisikia.

Kesho yake, ufagio ulipokuwa ukiendelea, alifika bandani akakohoa. Ufagio ukanyamaza. Hatua hazikuondoka. Esnath alikaa chini, mgongo kwenye matete, kanga kichwani, akachana bahasha na kusoma kwa sauti.

"Mama mpendwa na Babu mpendwa, shikamooni. Mimi sijambo. Mama, mwambie Babu kwamba tunalala ghalani na harufu ya kahawa haijatoka. Babu, mwambie Mama asinitumie ndizi, zinaivia njiani. Mama, mwambie Babu kwamba mwalimu wa hesabu hajapatikana, wanasema serikali italeta."

Nyuma ya matete ilisikika pumzi fupi ya pua, kicheko cha mtu aliyekuwa amesema kweli na asifurahie kuwa amesema.

"Babu, mwambie Mama wanataka mchango mwingine, wa madirisha. Msikasirike. Nimekuwa wa pili darasani kwa Kiswahili. Asubuhi nikiamka husema ugonile mara mbili, moja ya Mama na moja ya Babu, na wasichana wenzangu wananicheka. Nawaza sana. Siku hizi nani anawapelekea salamu?"

Alimalizia jina la mtoto kwa kunong'ona, akaikunja karatasi, akakaa nayo mapajani. Mvua ilikuwa imeacha, na matone yalianguka moja moja kutoka kwenye paa.

"Soma tena," alisema Anyelwisye.

Esnath alisubiri amalizie. Alisubiri aseme Shangazi, au amtaje yeyote ambaye neno lile lingekuwa lake. Mzee hakumtaja mtu. Alisikia fimbo ikilazwa chini, na matete yakalalamika kidogo mgongoni mwake, mzee naye akikaa na kuegemea upande wa pili.

"Ndiyo, baba," alisema.

Akaikunjua barua, akaanza juu kabisa, kwenye tarehe.